Mraba wa Unyenyekevu

Naanza kwa jina la Mola, Fundi asiyekosea, aliyeitandaza ardhi kama mfarishi chini ya miguu ya viumbe wake, akaziinua mbingu pasi na mshono wala ufa. Sala na salamu zimfikie Mtume wake, na rehema ziwafikie wote wanaokula jasho la mikono yao. Ama baada ya hayo, enyi vijana, sikilizeni.

Watu wa kisa hiki ni wanne, nami nawapanga kwa umri ili asipotee mtu. Wa kwanza ni Bibi Ludmila Kucera, mwenye miaka sabini na minne, mshonaji wa mifarishi katika mji mdogo wa Vesta Grove, jimboni Nebraska. Wa pili ni Bi Verdell Stroh, mwamuzi wa mifarishi, mgeni kutoka kaunti ya mbali. Wa tatu ni Leona, mjukuu wa Bibi Ludmila, aliyetimiza miaka kumi na miwili. Wa nne, mdogo kwa miezi tu, ni rafiki yake Paige Rademacher, mfugaji wa sungura, ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo.

Kila siku baada ya shule, majira yote ya baridi, Leona alikuwa akiingia jikoni kwa bibi yake, akavua viatu vyenye theluji, akala andazi moja lenye tunda katikati, kisha akakaa kwenye cherehani karibu na dirisha. Alikuwa akishona mfarishi wake wa kwanza: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Miraba ilikuwa thelathini, na katika kila mraba mliruka bukini watatu wa pembetatu, ncha zao zikielekea juu, kama wale wapitao angani kila mwaka kwenda kaskazini.

Siku ya kuiunga miraba, Bibi Ludmila aliuchukua mmoja na kuugeuza juu chini.

"Huu utaushona hivi hivi," alisema, "pembeni, safu ya mwisho."

"Bibi! Si bukini wataruka kinyume?"

"Ndiyo maana yake, mjukuu wangu. Mkamilifu ni Mungu peke yake. Mama yangu aliugeuza mmoja, na mama yake vilevile. Huo ni mraba wa unyenyekevu. Kanisani kwetu hakuna mfarishi usio nao."

Leona aliushona kinyume kama alivyoambiwa. Akajihisi mnyenyekevu kwelikweli. Na tusifiche kitu, unyenyekevu ule ulimfanya ajione kidogo.

Tangu hapo alikuwa na tamanio moja tu: utepe wa buluu katika Maonyesho ya Kaunti. Mwenye utepe wa buluu, kazi yake hupelekwa kwenye maonyesho ya jimbo. Mwenye mwekundu hurudi nayo nyumbani. Baina ya rangi hizo mbili ndipo ulipotundikwa moyo wa Leona.

Siku ikafika, katikati ya Julai, joto likiwa limelala juu ya mashamba ya mahindi kama ng'ombe mgonjwa. Bibi Ludmila alikuwa zamu katika kibanda cha kanisa akiuza maandazi, hivyo Leona akaenda kwenye banda la mifarishi na Paige. Desturi ya pale ni ngumu kwa mtoto. Mwamuzi hutamka hukumu yake kwa sauti, karani huiandika, na jina la mshonaji hufunikwa. Naye mshonaji hukaa kwenye benchi miongoni mwa watu, akisikia kila kitu, asijulikane wala asijibu.

Bi Verdell alikuwa mwembamba, na miwani yake ilining'inia kwa mnyororo. Mfarishi wa Leona ulipotandazwa mezani, aliupapasa kote. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni:

"Rangi zina ujasiri. Buluu hii na hii ya kutu zinapendana. Pindo halikujaa ndani, limelegea. Ncha tano za pembetatu zimemezwa na mshono. Mishono ya mkono ni midogo na imelingana. Huyu anaijua subira. Mraba mmoja umegeuka. Mshonaji hakuitazama kazi yake kabla ya kuiunga. Mwekundu."

Leona akajiuliza. Amesifiwa au ametukanwa? Mtu anawezaje kuijua subira na wakati huo huo asiitazame kazi yake? Maneno yale yalimzunguka kichwani kama nyuki waliokosa mzinga. Moja tu aliliona wazi, nalo likamchoma.

"Mraba ule niliugeuza makusudi!" alinong'ona. "Ni ibada, si uzembe!"

"Sasa unaniambia mimi, mimi ndiye mwamuzi?" Paige akamjibu. "Mwenzio jana sungura wangu kafunuliwa midomo mbele ya kaunti nzima, kaambiwa meno yamepinda. Hakulia. Alikula karoti."

"Sungura hana hisia."

"Ana kuliko wewe! Shoga, kanuni si unazijua? Kabla utepe haujafungwa, mtoto ana haki ya kueleza kazi yake. Nenda. Ukikaa hapa utaota mizizi."

Mifarishi ya watoto ilipokwisha kukaguliwa, ikatundikwa ukutani. Leona akajikokota mpaka mezani, mashavu yakimwaka.

"Samahani, Bi Verdell. Ule wa bukini ni wangu. Umesema mraba mmoja umegeuka. Ni kweli, lakini niliugeuza kwa kusudi. Bibi yangu anasema mkamilifu ni Mungu peke yake."

Mwamuzi akavaa miwani. "Aa, mraba wa unyenyekevu. Wazee wa huku wanaupenda sana." Akaitazama karatasi. "Lililokusudiwa mimi silihesabu kuwa kosa, mwanangu. Nikikurudishia alama za hapo, unapata buluu. Kwa chupuchupu, lakini ni buluu. Twende tukauone, karani aandike."

Moyo wa Leona ukaruka. Wakasimama mbele ya ukuta, Paige nyuma yao akicheka peke yake. Bi Verdell akainua kidole.

"Ndio huu, sivyo?"

Kidole kilikuwa juu, safu ya pili, mraba wa tatu.

Leona akatazama. Bukini watatu walikuwa wakiruka kwenda chini. Akatazama safu ya mwisho, pembeni: pale nako bukini watatu walikuwa wakiruka kwenda chini. Akarudi juu. Akarudi chini. Ule wa pembeni aliujua, ndio aliougeuza na bibi yake. Huu wa juu uligeuka lini? Miezi yote ile ameulalia, ameushona, ameupiga pasi, na hakuwahi kuuona. Na Bi Verdell, mwenye macho makali kiasi kile, wa pembeni hakuuona!

"Sema ndiyo," Paige akanong'ona. "Neno moja tu, Leona. Ndiyo!"

Hakuna mwingine aliyejua. Neno lilikuwa fupi, na jimbo zima lilikuwa nyuma yake. Tena lingekuwa uongo kweli? Si aliugeuza mraba mmoja kwa kusudi? Na mraba mmoja si umeonekana? Hesabu ilikubali; ulimi ndio uliokataa.

"Unasitasita nini, binti?" akauliza Bi Verdell.

"Sio huo," Leona akasema, na sauti yake ikavunjika katikati. "Nilioukusudia ni ule wa pembeni, chini. Huo wa juu... ndio nauona sasa hivi."

Paige akajipiga kofi kwenye paji la uso. Bi Verdell akainama mpaka safu ya mwisho, akakaa hapo kitambo, kisha akainuka taratibu akishika kiuno.

"Basi mimi nami nimepitiwa," alisema. "Karani, andika: wa chini ni desturi, haukatwi alama. Wa juu ni kosa. Utepe unabaki mwekundu." Akamgeukia Leona. "Nakusikitikia, lakini siwezi kuandika nisilolijua kuwa kweli. Mara nyingine, kabla ya kuunga, itandaze miraba sakafuni, usimame juu ya kiti, uitazame kwa mbali. Na hizo ncha tano njoo nikuonyeshe, maana hukuziona nazo."

Wakati huo Bibi Ludmila akaingia, aproni imejaa unga, habari zimekwisha kumfikia nusu nusu.

"Nani amempa mjukuu wangu utepe mwekundu? Yuko wapi huyo mwenye miwani ya mapambo?"

"Ni mimi, mama," akasema Bi Verdell kwa upole.

"Bibi, subiri," Leona akamshika mkono, akamweleza yote, akamwonyesha mraba wa juu, kisha wa chini. Bibi Ludmila akatazama, midomo ikihesabu. Hasira ikamtoka kama mvuke wa birika. Akavuta benchi akaketi.

"Nami sikuuona," alisema. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Nimekufundisha jambo, nami nikalifundisha nusu. Miaka sitini nageuza mraba mmoja, najiita mnyenyekevu. Lakini anayejichagulia kosa lake mwenyewe, si ndiye anayedhani kwingine kote amekamilika? Kosa la kuchagua haliumi. Linalouma ni lile unaloonyeshwa na mwenzio, mbele za watu, nawe ukasema, 'Kweli, ni langu.' Huo ndio unyenyekevu, na leo umeushona wewe, si mimi. Asiyekuonyesha kosa hakupendi zaidi ya anayekuonyesha."

Leona akafuta macho. Utata ulikuwa unamtoka polepole. Mkono ule ule ulikuwa na subira, na mkono ule ule haukutazama. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalikuwa yake.

Bibi Ludmila akaelekeza kidole ukuta wa pili, kwenye mfarishi mkubwa wa nyota, uliobandikwa kadi iliyosema: Kwa kutazamwa tu, usikaguliwe.

"Ule ni wangu. Kila mwaka naweka kadi ile. Ushusheni."

"Hukumu zimefungwa, mama," akasema Bi Verdell. "Sina utepe wa kukupa."

"Nani kakuomba utepe? Nisomee tu. Leona, shika upande huo."

Wakautandaza mezani. Bi Verdell akaupapasa kwa muda, kisha akasema kwa sauti ile ile ya orodha ya sokoni: "Nyota ya kati haikulala, imevimba kama chapati."

Paige akakohoa kuficha kicheko. Bibi Ludmila akavuta pumzi ndefu, akakiinua kidevu chake.

"Endelea," alisema.

Miaka imepita, na Bibi Ludmila amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mola awabariki waliobaki: wenye sindano mkononi, wenye kuambiwa ukweli wakaustahimili, na wenye kuusema kwa huruma, awape macho ya kuona makosa yao, na mikono ya kuyafumua na kuyashona upya. Amina.