Chai ya Chumvi

Kila alfajiri Asmahani alichota maji kisimani, akabandika chai, akavaa sare na kwenda shule. Ndiyo kawaida yake. Lakini asubuhi ile, baada ya bahari kujaa usiku kucha kuliko ilivyozoeleka, bibi yake alipiga funda moja akalitema hadi kizingitini.

“We mtoto, una wazimu? Umetia chumvi badala ya sukari!”

“Haki ya Mungu, bibi, nimetia sukari!”

Mama akaonja, naye akakunja uso. Kabla hajafungua kinywa, kelele zikapigwa nje: “Jamani, kisima! Bahari imeingia kisimani!”

Kijiji kizima cha Moa kilikimbilia huko. Kijijini hapo hapakuwa na kisima kingine chenye maji matamu. Ukingo uliokitenga na bahari ulikuwa umemeguka, umeacha pengo la kupita ng’ombe wawili, na ndani ya kisima kulielea povu na kisamaki kimekufa. Lahaula! Watu walishika vichwa. Kwingine kote ukingoni mikoko ilisimama, mizizi yake imeshika udongo. Penye pengo palibaki visiki tu, vimekatwa kwa panga.

“Luqmani huyo!” mtu akapaza sauti. “Nani mwingine mkata miti hapa? Si mchoma mkaa yule?”

Luqmani alijipiga kifua. “Mimi? Wallahi mkaa wangu nautoa bara. Mkoko sijaugusa!”

Nani amsikilize? “Ahame!” walipiga kelele. Binti yake mdogo alimshika kanzu huku akilia.

Visiki vile Asmahani alivijua kimoja kimoja. Mama ni mkulima wa mwani, na mwani hufungwa kwenye kamba, kamba nazo kwenye vigingi vilivyochomekwa baharini. Mara nne mama alimtuma akate vigingi kwenye mivinje, kule mlimani. Mbali huko! Jua kali, na wenzake wanamngoja wacheze rede. Mikoko ilikuwa pua na mdomo. Akakata pale pale, mara zote nne, hadi ukingo ukabaki kipara. Fito tu hizi, alijiambia.

Angenyamaza, nani angejua? Akamtazama yule mtoto anayelia.

“Si yeye!” akapiga kelele. “Ni mimi! Vigingi vya mama ni mikoko hiyo.”

Mama alimkodolea macho kama hamjui, kisha akaketi mchangani, pu! “Asmahani! Kumbe mwani wangu nimeufunga kwa kisima cha watu!”

Hakuna aliyempiga Asmahani, ingawa yeye aliona afadhali wangempiga. Wanakijiji waliziba pengo kwa magunia ya mchanga, wakakikomba kisima siku baada ya siku. Maji ya kunywa yaliletwa kwa bodaboda, dumu kwa dumu, kutoka kijiji cha pili. Kila Jumamosi Asmahani na mama walipanda mikoko, matope magotini. Jumamosi ya tatu Luqmani alikuja na jembe lake, akainama kando yao, akaanza kuchimba.

Masika ilipokwisha, maji yalirudi kuwa matamu. Kikombe cha kwanza cha chai Asmahani alikipeleka kwa Luqmani.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba.” Akakinusa kile kikombe, jicho moja kalifumba. “Leo umetia nini?”

“Sukari, ami.” Akainamisha kichwa. “Nisamehe.”

Luqmani akanywa taratibu. “Mwanangu, mimi naijua miti. Ukitaka kuukata mti, unaona kuni tu, huoni kazi unayoifanya mti huo ukiwa umesimama. Jifunze kuiona kwanza. Na siku ile usingesema kweli, wangenifukuza mimi, na panga lingeendelea kukata. Kweli yako ndiyo iliyoziba ufa kabla ya magunia.”

Akamaliza chai, akamnyooshea kikombe.

“Haya, ongeza.”