Kiatu cha Kando ya Dohani

Paa la nyumba ya Bi Thirza Luscombe lilikuwa na joto mahali pamoja tu, kando ya dohani, na dohani yenyewe haikuwa imeona moto tangu Pasaka.

Hedley Yeo akapapasa tena. Miaka ishirini na sita alikuwa akiezeka mapaa ya mabua huko Devon, Uingereza, na mdomo wake haukujua likizo. Waezekaji wa kule hubandua mabua ya juu tu. Safu ya chini, nyeusi kwa moshi wa mababu, haiguswi. Hedley akaichokonoa. Akachomoa kiatu kimoja cha kushoto, kikavu kama ng'onda.

"Bi Thirza, marehemu mzee wako alizikwa na viatu vyote? Kimoja kimepanda huku."

Kikongwe akatoka uani na kikombe cha chai, akasimama.

"Kirudishe, Hedley. Bibi zetu walikificha makusudi. Kitu kiovu kikishuka dohani huingia kiatuni, na kikishaingia hakijui kurudi kinyumenyume. Kiko humo."

"Basi kimepanga bure. Ngoja nikitoe."

Akavua buti lake la kushoto, akaliweka wazi kando ya dohani, akatumbukiza mguu kwenye kile kikuukuu. "Kinabana, ila kwa harusi kinafaa."

Ncha ya kiatu ikapasuka. Upepo wenye harufu ya nywele zilizoungua ukampita vidoleni. Kisha, ndani ya mabua, ikasikika hatua. Ko. Kimya. Ko. Mguu mmoja. Ikazunguka dohani, ikasita karibu naye, ikanyamaza.

Mwezekaji anakula kwa miguu yake. Akiikosa, hana ngazi wala mkate. Hedley akakivua kiatu, akakirudisha shimoni, akakiziba kwa mabua mapya, akavaa buti lake, akafunga kamba barabara na kushuka.

"Nimekirudisha, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kimepasuka ncha tu, kidogo."

Bi Thirza hakuangalia paa. Aliangalia miguu ya Hedley.

"Na buti lako, ulipolivua, lilikaa wapi?"

"Pale kando ya dohani."

"Tupu?"

Hedley alikaa chini kwenye nyasi, jua la saa nane likimchoma kisogo, akafungua kamba, akavuta, akavuta tena kwa mikono miwili huku kikongwe akimshika mabega, lakini buti lilikuwa limemng'ang'ania kama ngozi yake mwenyewe, na kule ndani, mbele kabisa, vidole vingine vitano vya baridi vilikuwa vikijipanga taratibu katikati ya vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayejisogeza kitandani apate nafasi.

"Kinatoka," alinong'ona. "Bi Thirza, niambie kinatoka."

"Nilishakwambia, mwanangu. Hakijui kurudi nyuma."

Juu kidogo ya buti, chini ya ngozi ya kifundo, kitu kikatuna, kikatulia, kikapiga hatua.

Ko.