Prosesa Yenye Miguu

Kila jioni, Stumai akishaosha vyombo, alikwenda kumsaidia shangazi yake Sikuzani kwenye chumba cha gemu, karibu na soko la Nachingwea. Alifuta vumbi na kugawa zamu kwa watoto waliokuja kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, tena imechoka. Mchezaji akikaribia goli, picha inaganda. Watoto wanazomea, wengine wanaondoka zao.

"Fundi Fidelis wa Ruangwa ana prosesa mbili zenye kasi, ule ubongo wa kompyuta," shangazi alisema Ijumaa moja. "Moja ina miguu midogo kwa chini, nyingine haina. Kesho nachukua moja, itakayobaki anaichukua mwalimu wa shule ya Namungo. Sasa mwanangu, wewe una vidole vyembamba, na ulimwona fundi akifanya. Fungua kasha la kompyuta, nyanyua feni, utazame ya kwetu. Ina miguu au haina? Isiyolingana na hiyo haitaingia."

"Sawa, shangazi."

Lakini Nasri, anayesoma naye darasa la sita, alikuwa ameshakaa kwenye kiti. "Stumai, njoo nikufunge! Au unaogopa?"

Kufungua kasha kungemaanisha kuzima gemu. Stumai akaitupia jicho nembo iliyobandikwa nje ya kasha. Ilifanana na ya kompyuta ya ofisi ya shule, ambayo fundi alipoifungua, Stumai aliona prosesa yake haina miguu. Akaketi kucheza.

"Umetazama?" shangazi aliuliza baadaye.

"Nimetazama. Haina miguu."

Asubuhi shangazi akapanda gari la Ruangwa, na pesa ya ufuta imefungwa kwenye upindo wa kanga.

Nasri alipokuja, alipigapiga kasha kwa kiganja. "Hili afadhali. Lile la zamani liliota kutu kwa mvua."

Stumai akakumbuka. Kweli! Paa lilipovuja, fundi alihamishia vifaa vyote vya ndani kwenye kasha jingine kuukuu. Ile nembo ilikuwa ya kasha, si ya kompyuta.

Akachomoa waya, akafungua, akanyanyua feni. Akaitoa prosesa na kuigeuza. Miguu kibao, myembamba kama meno ya brashi.

"Nyamaza tu," Nasri alinong'ona. "Shangazi yako atadhani fundi kakosea."

"Fundi kakosea nini?" Stumai alimuuliza, akatoka mbio mpaka kwenye meza ya Bi Dionisia, aliyekuwa na simu ya kulipia.

Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Mtandao wa kule ni wa kuvizia, mjukuu wangu," alisema Bi Dionisia. "Kwani kuna mgonjwa?"

"Hapana, bibi. Kuna uongo."

Alipojaribu mara ya tatu, simu ikaita.

"Sema haraka," sauti ya shangazi ilikwaruza. "Nimeshachagua, na mwalimu anataka kuondoka na ya kwake."

"Usiichukue, shangazi! Yetu ina miguu. Jana sikufungua. Nilikudanganya."

Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Mchana kutwa Stumai alikaa mlangoni. Watoto walipita wakiuliza, "Leo gemu vipi?" Gari liliporudi, shangazi aliingia bila salamu. Akaweka kiboksi mezani.

"Fungua."

Stumai akafungua, akaigeuza prosesa taratibu. Miguu! Machozi yakamtoka.

"Hii alikuwa ameshakabidhiwa mwalimu," shangazi alisema. "Ilibidi nimwombe tubadilishane. Nilimwambia mbele za watu kwamba mwanangu alinidanganya. Uso wangu ulikuwa unawaka. Halafu nikamwambia kwamba ni wewe mwenyewe uliyepiga simu kusema. Hapo ndipo alipokubali."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini lishike hili. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Nitakusubiri, hakuna kitakachoharibika. Kinachoharibu ni jibu la kubahatisha, maana mwenzako analibeba akijua ni la kweli. Na ukishakosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamwangukia mwingine."

Wakaifunga prosesa pamoja, wakapaka juu yake dawa ya kupoza joto waliyopewa na fundi, kisha Stumai akairudisha feni. Watoto walikuwa wameshajazana dirishani.

"Washeni basi!" Nasri alipiga kelele.

"Feni umeibana sawasawa?" shangazi aliuliza.

Stumai alifungua mdomo, akaufumba. Akachukua tochi.

"Subiri, shangazi. Ngoja nitazame."