Khalfani Yumo Ndani

Feni ya mtambo ilikuwa inanukia udi.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi limejificha nyuma ya mawingu ya Elnino, na katika chumba kizima cha ofisi ya barua-pepe ya Sadallah, pale Mwananyamala, hapakuwa na chetezo wala kipande cha udi. Sadallah akainama nyuma ya mtambo mkuu, sava kama alivyopenda kuuita mbele ya wasichana, akanusa, akapiga chafya, akacheka. Ndiye huyo Sadallah. Shule aliikimbia kidato cha pili, kompyuta akajifunzia kwenye mabovu yaliyotupwa na maofisi, na tangu hapo mtaa haukupumua kwa majigambo yake. Wajerumani wenyewe wakikwama, alikuwa akisema, watampigia simu. Simu ilikuwepo. Wajerumani ndio walikuwa hawajapiga.

Akaandika amri ya kuuliza nani yumo ndani ya mtambo. Wateja walikuwa watatu, kila mmoja na kiti chake. Ukiacha lake mwenyewe, majina yakatokea manne. La nne lilisomeka: khalfani, laini ya tano.

Laini ya tano haikuwa na waya. Waya wake aliuchomoa mwenyewe, akamfungia mkewe kamba ya kuanikia nguo.

"Grego, njoo uone kichekesho."

Gregori, mshirika wake, mtu wa Bukoba aliyefika mpaka chuo na akazoea kutaniwa kwa hilo, akaja akatazama. Hakucheka.

"Khalfani ni nani?"

Sadallah akakuna kisogo. Khalfani alikuwa mwanawe. Tatizo ni kwamba Khalfani alikuwa hajazaliwa.

Salma, mkewe, alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na mimba ya miezi tisa. Mbili za kabla yake zilitoka. Kwa hiyo safari hii nyumba ile haikununua hata soksi, na Bi Zubeda, shangazi yake Salma, mkunga na mtoa mashetani, alikataza kabisa: mtoto asitajwe jina mpaka alie. Sadallah hakulitaja. Alimfungulia akaunti tu, ili mwanawe awe wa kwanza Tanzania nzima kupata barua-pepe tumboni. Neno la siri hakuweka. Kichanga atalikumbukaje?

"Umeacha mlango bila komeo, bwana," alisema Gregori. "Na kile kiraka ulikiweka?"

Kiraka kilikuwa kwenye disketi, na disketi ilikuwa chini ya kikombe cha chai. Chini kabisa ya mtambo kuna kiini, kile kinachoamua nani aguse nini, na kiini chao kilijulikana kuwa na tundu: aliyeingia kama mgeni wa kawaida, akijua pa kupenya, hutokea upande wa pili akiwa mwenye nyumba.

"Nani wa kutuvamia sie, Grego? Muuza ukwaju?"

"Mtoe huyo."

Sadallah akamkata. Jina likafutika. Hapo hapo Salma akaita kutoka ndani, sauti imemkauka. "Baba Nanii! Mtoto ameacha kucheza!"

Akakimbia. Akaweka kiganja tumboni, akakuta kumetulia kama ukutani. Akahesabu pumzi za mkewe, jasho likimtiririka.

"Karudi," Gregori alinong'ona nyuma ya pazia.

Chini ya kiganja, teke.

Aliporudi ofisini wateja walikuwa wamekimbia, mmoja ameacha kandambili. Kwenye skrini jina lilikuwa palepale, ila pembeni yake hapakuandikwa tena mgeni. Paliandikwa mwenye nyumba. Chini yake herufi zilikuwa zinajiandika, moja moja, kama za mtu anayejifunza:

baba mbona unanifungia nje

Bi Zubeda alifika na chetezo cha ubani, tambuu shavuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, kama utaiona kesho. Grego, nisomee hicho kioo."

Gregori akamsomea. Bibi akatema tambuu nje ya dirisha.

"Huyo si mtoto. Mtoto hana jina bado. Huyo alikuwa anazurura anatafuta jina, we mdomo wazi ukampa, na nyumba juu. Sasa sikiliza. Mie namtoa kwanza. Usifunge kitu mpaka niseme funga. Ukifunga yumo, umemfungia ndani."

"Hata huku ni hivyohivyo," alisema Gregori taratibu. "Kiraka kinaziba tundu, Sadallah. Hakimtoi aliyekwisha kupita."

"Najua kazi yangu!"

Akaingiza disketi. Kiini kipya hupikwa upya chote, na mtambo ule mzee ulihitaji saa nzima. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Ndani, Bi Zubeda akaanza kisomo, na uchungu wa Salma ukaanza pamoja nacho.

Mvua ikashuka. Taa ikafifia, ikarudi, ikafifia, na Sadallah alijua kwamba umeme ukikatika kiini kikiwa nusu hatabaki na mtambo wala mlango wa kufunga, kwa hiyo alikaa ameshika meza kwa mikono miwili huku mistari ikipanda na katikati ya mistari yakichomoza maneno ambayo hakuna aliyeyaandika, baba nina baridi, baba mie mwanao, baba usizime, na kila neno lilipotokea Salma alipiga ukelele nyuma ya pazia, na harufu ya udi ikawa nzito mpaka ikauzidi ubani wa bibi, ikamwingia kooni, akaionja kwenye mate yake, na ndipo mistari iliposimama: kiini kimeiva, kimebaki kuzimwa mtambo na kuwashwa.

"Bado!" Bi Zubeda alipaza sauti. "Nasema bado, hajatoka!"

Taa ikalala, ikawa nyekundu kama kaa.

"Sadallah, msubiri bibi," Gregori alimshika mkono.

"Umeme unakwenda, Grego! Mwanangu atakufa!"

Akabonyeza.

Feni ikanyamaza. Kisomo kikakatika. Palikuwa kimya, mvua tu juu ya bati. Kisha mtoto akalia.

Sadallah alikaa chini sakafuni akalia naye. Mtambo ukawaka wenyewe, na kiini chake kipya, umeme haukukatika hata kidogo. Akauliza nani yumo ndani. Jina likatokea moja, lake mwenyewe. Harufu ya udi imeisha. Akajifuta kamasi na mkono wa shati, na majigambo yakamrudia kabla miguu haijamrudia.

"Mie ndiye Sadallah! Waambie Wajerumani!"

Gregori alikuwa anaitazama laini ya tano, nyuma ya mtambo, ile isiyo na waya.

Ndani, Salma alikuwa amemkumbatia mtoto aliyefungwa kwenye kanga.

"Wa kike," alisema, akitabasamu kwa uchovu. "Khalfani wako yuko wapi, bwana?"

Sadallah akacheka mpaka akashika mbavu. Alipotua ndipo alipoona kwamba Bi Zubeda hakuwa amecheka. Bibi alisimama penye pazia, chetezo kimezimika mkononi, ananusa hewa.

"Shangazi," Salma aliuliza, "kondo la nyuma limetoka lote?"

"Lote. Nimelikanda tumbo mwenyewe, halina kitu."

Salma akauchukua mkono wa mumewe, polepole, akauweka juu ya tumbo lake.

"Basi nani huyu," alinong'ona, na pumzi yake ilinukia udi, "bado ananipiga mateke?"