Miguu ya Shule Nzima

Asubuhi za utoto wangu zilianza kwa mlio wa nyundo. Kabla mama hajachuja chai, baba alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda chake katika chumba cha mbele, kiatu kimebanwa katikati ya magoti, akipigilia kisigino. Harufu ya gundi na ngozi mpya iliingia mpaka chumbani kwetu ikachanganyika na harufu ya chai. Hata leo nikipita mbele ya kibanda cha fundi viatu, miguu hunigoma kidogo. Mimi husimama, nikavuta pumzi, kisha nikaendelea na safari yangu.

Baba alishona viatu vya shule, vyeusi, vya kufunga kwa kamba. Watu walimwita Misumari, kwa kuwa akiwa kazini vimisumari vilikaa kwenye midomo yake kama meno ya ziada, naye alizungumza hivyo hivyo kwa pembe ya mdomo. Mgeni hakuambulia neno. Sisi wa nyumbani tulimwelewa vizuri. Ila akiitema misumari kiganjani kabla ya kusema, tulijua kwamba jambo ni zito.

Nyuma yake kulikuwa na rafu ya kalibu, yaani ile miguu ya mbao ambayo fundi huivalisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Zilianzia kalibu ndogo ya mtoto wa chekechea hadi kubwa ya kijana aliyeanza kuota ndevu. Mdogo wangu, tuliyemwita Kibonge kwa mashavu yake, alipenda kuzipanga sakafuni, akajifanya mwalimu na kuzichapa zilizochelewa.

Kazi ya baba ilikuwa na shida moja. Jozi moja ilimla siku nzima na zaidi, lakini wazazi walikuja wote kwa pamoja, wiki ile ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Ilimbidi ashone mapema, kabla hajamwona mteja hata mmoja, na abahatishe namba zitakazotakiwa. Mwaka mmoja alikuja mama mmoja na mwanawe mrefu, akakosa kiatu, akaondoka amenuna. Baba hakumsahau. Mwaka uliofuata akashona vikubwa vitupu, na wenye watoto wadogo wakarudi mikono mitupu huku viatu vikubwa vikining'inia ukutani kama popo. Kila mwaka baba alimshonea mteja aliyemkosa mwaka uliopita, na mteja huyo hakurudi.

Jumapili moja, muhula ukikaribia kuisha, mjomba alikuja kututembelea. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

"Shemeji," alimwambia baba, "kule mshahara unaingia mwisho wa mwezi, viatu viuzwe visiuzwe. Nafasi ipo. Shule zikifunguliwa nitapita tena. Uwe na jibu."

"Na watoto?" mama aliuliza.

"Watamwona sikukuu hadi sikukuu. Wangapi wanaishi hivyo?"

Baba alitema misumari kiganjani. "Tuone msimu huu," alisema. "Ukienda kombo, nitakwenda."

Mama alichukua kikombe kilichokwisha kuoshwa, akakiosha tena. Mimi nilitazama kigoda cha baba, nikajaribu kukiona kikiwa kitupu. Nilishindwa.

Wakati huo nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wa hesabu alikuwa ametufundisha wastani. Jumlisha zote, gawanya kwa idadi yake, basi. Nililiona somo lile kama ufunguo wa kila mlango. Kesho yake niliwapima miguu wenzangu wa darasani kwa ukanda wa ngozi ambao baba aliutia alama za namba, nikarudi nyumbani mbio.

"Baba! Shona namba thelathini na sita! Ndio wastani!"

Baba alinyanyua nyusi. Mama, aliyekuwa akitia kamba kwenye viatu, aliuliza bila kuinua kichwa, "Umewapima akina nani, mwanangu?"

"Darasa letu."

"Na huyu je?" Alimwelekezea kidole Kibonge, aliyekuwa chini akimkaripia mwanafunzi wake wa mbao. "Huyu naye anasoma darasa la sita?"

Kibonge alinyoosha mguu wake mnene wa chekechea, akautazama kwa fahari. Mama alicheka, nami nikacheka shingo upande.

Siku iliyofuata nilimfuata mwalimu, nikamweleza yote, hata habari za kiwanda cha mjomba. Mwalimu alifuta chaki mikononi.

"Mama yako amesema kweli. Ukitaka kujua chungu kizima kimekolea chumvi, unaonja kijiko kimoja. Lakini kwanza unakoroga. Wewe umeonja juu juu."

"Sasa nitaikorogaje shule nzima, mwalimu?"

Alifikiri kidogo. "Watoto wote hunywa maji wapi?"

Basi saa ya mapumziko nilisimama kwenye bomba la shule pamoja na rafiki yangu Twiga, aliyepewa jina hilo kwa urefu wake. Tulikubaliana kumpima kila mtoto wa tano kwenye foleni, awe nani, awe wa darasa lipi. Lilikuwa jambo gumu kuliko nilivyodhani. Rafiki zangu waliniita, "Mimi! Nipime mimi!" nami nikawapita. Kijana mmoja wa darasa la saba, ambaye sikumpenda hata kidogo, aliangukia kuwa wa tano, ikabidi niinamie mguu wake wenye matope. Wengine waliona haya kwa sababu ya viatu vyao vilivyotoboka, tukawapima huku Twiga akiwakinga kwa sketi yake. Kibonge alijipenyeza kwenye foleni mara tatu, na mara zote tatu Twiga alimtoa kwa kumshika sikio.

Tulipomaliza tulikuwa tumepima watoto sitini. Nilijumlisha, nikagawanya, nikarudia ili kuhakikisha. Jibu lilikuwa thelathini na tatu. Safari hii sikuruka wala kupiga kelele. Nilimweleza baba polepole jinsi tulivyopima.

"Hiyo sasa ni kazi," alisema kupitia misumari yake. "Thelathini na tatu. Si kubwa, si ndogo. Huenda ndicho nilichokuwa nakikosa miaka yote."

Jumamosi asubuhi alikunjua ngozi mezani. Ilikuwa ngozi nzuri, nyeusi, laini kama shavu la mtoto, na ndiyo pekee tuliyokuwa nayo kwa msimu ule. Alichora umbo la namba thelathini na tatu kwa chaki, akachora la pili, la tatu, akaanza kunoa kisu.

Mimi nilikuwa sakafuni na Kibonge. Alitaka kujua "miguu ya shule" iko wapi, na kwa kuwa hakujua kusoma namba, nilichukua mfuko wake wa vizibo vya soda ili nimwonyeshe. Kila kizibo kilikuwa mtoto mmoja. Nilipanga kalibu kwa mstari, ndogo hadi kubwa, na mbele ya kila kalibu nikaweka vizibo vyake kimoja baada ya kingine. Kibonge alikuwa ananipa mkononi, nami naweka.

"Milima!" alisema Kibonge ghafla. "Milima miwili!"

Nilitazama. Kweli, vizibo vilirundikana upande wa watoto wadogo, vikarundikana tena upande wa wakubwa. Mbele ya kalibu ya thelathini na tatu kulikuwa na vizibo vitatu tu, vimekaa kama watoto waliosahauliwa shuleni.

Kisu cha baba kilikuwa kimeshagusa ngozi.

"Baba, ngoja!"

Alisimamisha mkono. Labda sauti yangu ilimtisha, maana aliitema misumari yote. "Kuna nini, mama?" Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Namba yangu ni ya kweli lakini ni ya uongo," nilisema, karibu nilie. "Wastani ni thelathini na tatu, lakini hakuna watoto wa thelathini na tatu! Wapo wadogo wengi na wakubwa wengi. Ukiwachanganya wanatoka wa kati, lakini wa kati mwenyewe hayupo!"

Baba alichuchumaa mbele ya vile vilima. Mama naye akaja na ufagio wake mkononi.

"Bila shaka," mama alisema. "Chekechea imejaa, na hao wote wanaingia darasa la kwanza. Na madarasa ya juu yamejaa kwa sababu ile shule ndogo ya ng'ambo ya barabara inaishia darasa la nne, watoto wake wanahamia kwenu. Hapa katikati wapo wachache."

Baba alikuna kidevu. "Mimi kila mwaka nimekuwa kwenye mlima mmoja, nikiukimbia mwingine. Na leo nilitaka kwenda kulala bondeni." Alichukua kitambaa, akafuta michoro yake ya chaki. "Sasa niambie. Atakayegonga mlango huu, atatoka mlima upi?"

Nilikumbuka mchezo ambao mwalimu alitufundisha. Nilivitia alama za chaki vizibo vyote: nukta kwa mdogo, mstari kwa wa kati, duara kwa mkubwa. Nikavirudisha mfukoni, Kibonge akafumba macho, akatoa kumi. Saba vilikuwa vya wadogo.

"Basi saba kwa kumi," baba alisema upesi.

"Ngoja, baba. Mara moja haitoshi." Tulivirudisha, tukatikisa, akatoa tena. Safari hii wadogo walikuwa wanne. Kisha watano. Kisha sita, halafu watano tena. Namba zilicheza, lakini hazikutoka mbali. Tukaona kwamba katika kila wateja kumi, watano hivi wangekuwa wadogo, wanne wakubwa, na mmoja wa kati.

"Lakini huwezi kujua ni nani atakayetangulia," nilisema.

"Hata sihitaji," alijibu baba, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimwona akitabasamu. "Nahitaji tu kuwa tayari."

Alikata ngozi kwa kiasi kile kile. Kipande cha pembeni alikikunja, akakiweka bila kukikata. "Hiki ni cha yule ambaye vizibo vyako havikumwona," alisema. "Huwa hakosekani."

Likizo yote nyumba yetu ilikuwa kama karakana ndogo. Mama alitoboa matundu na kutia kamba, mimi nilipaka gundi, Kibonge alijaribu kila kiatu kidogo na kutangaza kwamba kinabana, hata pale kilipopwaya. Mvua ilinyesha alasiri nyingi, nasi tulifanya kazi mlango ukiwa wazi, tukisikiliza matone kwenye bati. Sijapata kuwa na likizo nyingine kama ile.

Kisha wiki yenyewe ikafika. Siku ya kwanza walikuja wenye watoto wakubwa tu, nikakimbilia kuvihesabu vikubwa vilivyobaki. Baba alinikonyeza tu. Kesho yake chekechea nzima ilimiminika, ikilia na kucheka, na kila aliyekaa kwenye benchi alipata kiatu chake. Siku ya nne ukutani palianza kuonekana rangi ya ukuta. Siku ya mwisho, alfajiri, mzee mmoja alimleta mjukuu wake mwenye mguu mrefu kupita kalibu zetu zote, kijana wa watu akiinamisha kichwa kwa aibu. Baba alikunjua kile kipande cha ngozi, akaongeza kibanzi cha mbao kwenye kalibu kubwa, akashona papo hapo mpaka alasiri, sisi sote tukimsaidia. Kijana aliondoka akitembea kama askari wa gwaride.

Zilibaki jozi mbili za viatu vya kati. Zilinichoma.

"Tulikosea," nilimwambia baba jioni ile, tukiwa tumekaa kizingitini, jua likianza kupungua ukali.

"Hatukukosea. Waliokuwa waje wawili hawakuja, ndivyo yanavyokuwa. Sikiliza, mama. Watu wengi wanaitaka hesabu iwe kama mpiga ramli, iwaambie kesho kutatokea nini. Haiwezi. Hesabu inakwambia kesho huenda kukawa nini, na uwezekano wake una uzito kiasi gani. Iliyobaki ni kazi ya mikono yako. Na uiulize vizuri, tena uwaulize wote, hata usiowapenda. Ukiuliza rafiki zako tu, utajibiwa unachotaka kusikia. Ukichukua namba moja tu bila kutazama ilikotoka, utashonea watu ambao hawapo."

Alikuwa bado anasema hayo mjomba alipotokea kwenye kona ya barabara, begi begani, akielekea kituo cha mabasi. Alisimama mbele yetu akachungulia ndani, akaona ukuta uliobaki na jozi mbili tu.

"Vipi, shemeji? Nikukatie tiketi?"

Mama alitoka mlangoni akasimama nyuma ya baba. Baba aliinuka, akampokea mjomba begi, akaliweka ndani juu ya benchi.

"Basi halijafika," alisema. "Ingia kwanza unywe chai, halafu nikusindikize. Tiketi ni yako peke yako."