Wakili Wima

Asubuhi moja ya Jumanne, kwenye barabara inayopita kati ya mahakama na uwanja wa gwaride, pale ambapo pikipiki, wauza magazeti na ndugu wa washtakiwa hugombania nafasi moja, mwanamume mmoja mrefu alisimama katikati ya njia akakataa kuondoka. Alivaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, joho la uwakili begani, faili kwapani, mikono imenyooka ubavuni kama kuruta wa siku ya kwanza. Pikipiki zilimpigia honi. Mama mmoja mwenye kapu kichwani alimzunguka akisema, "Baba, kama umekwama sema, tukusukume."

Hakujibu. Wimbo wa taifa ulikuwa unapigwa, na wimbo huo ukipigwa, bwana huyu hatikisiki hata nzi akimtua puani.

Taabu ni kwamba yalikuwa mazoezi. Bendi ya jeshi ilikuwa inajiandaa kwa gwaride la kumuaga mkuu wa majeshi, na kiongozi wa bendi hakuridhika na ngoma. Akakatiza wimbo katikati. Wakili akapiga hatua mbili. Wimbo ukaanza upya, wakili akaganda tena. Ikawa hivyo, anakwenda, anaganda, mpaka wauza magazeti wakaanza kumhesabia.

Kwenye mstari wa mbele wa bendi alikuwapo sajini mmoja mpiga tarumbeta, dada mwenye mashavu ya kujaa na kofia iliyokaa upande kwa madaha. Alipomwona yule bwana akiganda tena, kicheko kilimponyoka ndani ya tarumbeta, na noti ikatoka kombo kama mbuzi aliyekanyagwa. Kiongozi akaamuru mapumziko kwa hasira. Sajini akasogea ukingoni mwa uwanja.

"Kaka, una kesi leo?"

"Ninayo. Saa tatu."

"Na sasa saa tatu imeshapita."

"Najua. Lakini nyinyi hamuumalizi wimbo!"

Dada akacheka mpaka akajifuta macho kwa glavu yake nyeupe. "Haya kimbia, nitawashikilia hawa. Hapulizi mtu mpaka ukate kona."

Akakimbia, joho likipepea nyuma. Hakimu alipomuuliza sababu ya kuchelewa, alijibu bila kupepesa macho, "Uzalendo, mheshimiwa." Alikemewa, na alistahili.

Jioni alirudi uwanjani kushukuru. Alitumia muda mrefu kushukuru kuliko shukrani inavyohitaji. Yeye akampa dada jina la Tarumbeta, naye dada akamwita Wima, na majina hayo yakawakaa kuliko yale ya vyeti vya kuzaliwa.

Wima alikuwa mtu wa kanisa hasa. Kila asubuhi alifunga mlango wa ofisi, akaweka viganja juu ya mafaili ya siku hiyo na kumtajia Mungu wateja wake mmoja mmoja, wema na wakorofi. Karani wake alijua kutobisha hodi. Jumapili aliimba besi kwaya, na kuimba ndiko kulikokuwa wazimu wake: aliimba bafuni, aliimba kwenye ngazi za mahakama, aliimba akipiga pasi. Tarumbeta alikwenda kumsikiliza mara moja, akatoka ameuma midomo.

"Sema ukweli," Wima alimwambia walipokuwa wakitembea kwenda kituoni.

"Mpenzi, unaimba kama mtu anayesogeza kabati."

"Lakini kwa moyo?"

"Kwa moyo wote. Kabati lote linasogea."

Mchana wa kazi simu haikutulia.

"Wima, umekula?"

"Nimekula, roho yangu."

"Mwongo. Nasikia unafungua biskuti."

"Biskuti si chakula?"

"Subiri nikuoe, utajua chakula ni nini."

"Unaniposa kwa simu, Sajini?"

"Nakutisha tu. Posa walete wazee wako."

Na wazee wakapangwa kweli. Baba yake Tarumbeta, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, alikubali kuwapokea baada ya gwaride. Alimpenda Wima tangu aliposikia kisa cha barabarani. "Huyo," alimwambia binti yake, "ana mgongo usiopinda."

Siku ya gwaride jua liliwaka kwenye vifungo vya shaba na uwanja ukafurika. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa taifa pale mtu mmoja mwenye ovaroli, fundi mwashi aliyelijenga jukwaa, alipotoka kando, akafungua kamba ya mlingoti na kuishusha bendera. Askari walimrukia. Watu wakapiga kelele, "Msaliti! Msaliti!" Fundi hakujitetea, wala polisi hawakumtoa neno. Kufika mchana picha yake ilikuwa kwenye kila simu, na hakuna wakili aliyetaka kuonekana naye. Ikabidi mahakama impangie mtu kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Wima.

Angeweza kutoa udhuru. Yeye mwenyewe alipoiona picha ile alisaga meno. Lakini alikwenda mahabusu, akaketi na yule fundi kwenye benchi la saruji, na alipotoka alikuwa amebeba siri ambayo aliahidi kutoitoa mpaka mwenyewe atakapomruhusu.

Tarumbeta alimkuta ofisini, bado ana sare, kofia ameikunja mkononi.

"Niambie si kweli."

"Ni kweli. Namtetea."

"Wima! Mimi nilikuwa napuliza! Mdomo uko kwenye tarumbeta, macho kwenye bendera, naiona inashuka. Ni kama mtu amemvua mama yangu nguo sokoni. Na wewe, wewe unayesimamisha magari kwa ajili ya mazoezi!"

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai. Niambie sababu moja tu nikamwambie baba."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Aliyoniambia ni yake. Ila jambo langu naweza kukuambia: nchi inayoogopa kumpa wakili mtu aliyeikasirisha ni nchi ya waoga. Yangu si ya waoga. Na mimi ni Mkristo. Mtu akiwa kifungoni na watu wote wamempa kisogo, huyo ananihusu."

"Maneno matamu. Unayasema kwa sababu magazeti yanakutazama?"

Hilo lilimchoma. Akalivuta faili la fundi karibu yake, na Tarumbeta akalichukua hilo kuwa jibu. "Basi chagua," alisema. "Yeye au mimi."

"Usinilazimishe kuchagua hivyo, tafadhali."

"Umeshachagua." Mlango ukafungwa, si kwa kishindo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Siku ya pili Afande akapiga simu mwenyewe. "Kijana, wazee wako waambie wapumzike. Nyumba yangu haina viti."

Wima alimpenda Mungu, aliipenda nchi yake na alimpenda mwanamke yule mmoja, na siku zile mapenzi hayo yalikuwa yakigombana ndani yake. Sentensi moja tu ingetosha kumrudisha Tarumbeta. Aliishika simu mara nyingi, akaiweka chini. Kila asubuhi, viganja juu ya faili la fundi, aliomba, "Baba, nifunge mdomo leo. Siku ya kufungua utanijulisha." Kwaya iliona besi imepungua. Wengine walishukuru kimoyomoyo, kisha wakajionea aibu walipomtazama usoni.

Siku ya kesi ilipofika, ukumbi ulijaa. Afande alikaa mbele, suti nyeusi, nishani kifuani, kidevu juu. Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mama mmoja mzee aliyedhoofika, amejitanda shali, mchungaji akimshika mkono. Kabla hakimu hajaingia, fundi aliinama kutoka kizimbani, akamnong'oneza wakili wake, "Mama ameambiwa jana. Yuko pale. Sasa sema."

Upande wa mashtaka ukamwita shahidi wa kwanza, naye alikuwa sajini mpiga tarumbeta.

Wima akasimama. "Mheshimiwa, kabla sijamhoji shahidi huyu, mahakama ijue kwamba yeye na mimi tulikuwa wachumba."

Minong'ono ikapita ukumbini. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamtazama juu ya fremu. "Mlikuwa? Au bado?"

"Hilo lipo mikononi mwa shahidi, mheshimiwa."

Ukumbi ukacheka. Shahidi hakucheka. Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi, kwani ana hakika mapenzi hayataokoa mtu hapa.

Tarumbeta alieleza aliyoyaona, kwa sauti ya kijeshi, bila kumwangalia Wima. Kisha Wima akasogea.

"Sajini, macho yako yalikuwa kwenye bendera muda wote?"

"Muda wote."

"Mshtakiwa aliichana?"

"Hapana."

"Aliikanyaga? Aliitupa chini?"

"Hapana. Aliishusha."

"Alipokamatwa, bendera ilikuwa imefika wapi?"

Akafikiri. "Katikati."

"Askari walimfikia akiwa bado anaishusha?"

"Hapana. Alikuwa ameshafunga kamba. Alikuwa amesimama kando ya mlingoti." Sauti yake ikaanza kupungua mwendo. "Alisimama wima. Mikono ubavuni."

"Wewe ni mwanajeshi. Ielezee mahakama, bendera ikisimama nusu mlingoti, maana yake nini?"

Tarumbeta akamtazama kwa mara ya kwanza. "Msiba," alisema.

"Msiba wa nani?"

"Sijui."

"Hukuweza kujua. Asante, Sajini."

Wima akamgeukia hakimu, na sauti ile iliyowashinda wanakwaya wote ikatulia ikawa nzuri. Alisema kwamba mdogo wake fundi alikuwa mwanajeshi wa nchi hii, na alikufa nje akilinda amani. Habari ilimfikia fundi usiku wa kuamkia gwaride. Mama yao alikuwa ametoka kupasuliwa moyo, na daktari alikataza asiambiwe lolote la kumshtua wala asipewe simu, kwa hiyo fundi akaomba jeshi lisitangaze, na jeshi likamkubalia. Asubuhi akaenda kazini kwenye jukwaa, akaiona bendera iko juu kabisa na watu wanashangilia, na yeye peke yake katika uwanja mzima anajua.

"Alikosea wakati, mheshimiwa. Alikosea utaratibu. Lakini alikubali kuitwa msaliti na nchi nzima ili mama yake apone kwanza. Mimi naipenda bendera ile. Siku niliyosikia haya ndipo nilipojua kuna mtu anaipenda kunizidi."

Kule nyuma yule mama mzee alilia waziwazi. Afande alivua miwani yake na hakuivaa tena.

Barua ya jeshi iliyothibitisha hayo iliposomwa, hakimu alilifuta shtaka la kuidharau bendera. Kwa kuvuruga gwaride alimpa fundi onyo, kisha akasema yeye na mahakama wanampa pole, na ukumbi mzima ukasimama bila kuamriwa na mtu.

Saa moja baadaye hodi ilisikika ofisini. Tarumbeta aliingia, kofia imenyooka kichwani, macho mekundu.

"Nimekukosea," alisema. "Lile neno la magazeti. Nisamehe."

"Nimeshasamehe."

"Usiharakishe, nina swali. Siku ile ningepiga magoti, ningelia, ungeniambia?"

"Hapana."

"Na kama ningekuwa mke wako?"

Alijua jibu linaweza kumgharimu, na kudanganya hakujua. "Hapana, Tarumbeta. Hata ungekuwa mke wangu. Hata ungekuwa mama wa watoto wangu."

Tarumbeta akaivua kofia yake. Kisha mashavu yale ya kujaa yakaanza kutetemeka, nusu kicheko nusu kilio.

"Basi mume ninayemtaka ndiye huyo," alisema. "Wanaosema kila kitu nimewaona tele. Baba yuko chini kwenye gari. Amesema hashuki mpaka nimpelekee jibu."

"Jibu gani?"

"Wazee wako wanakuja lini."

Wima, ambaye mahakamani hakosi neno, aliivuta kalenda ya kesi zake, akaishika kichwa chini. "Jumamosi," alisema mwishowe.

Tarumbeta akafungua dirisha, akajaza kifua kama mpuliza shaba anavyojaza, na barabara nzima ikasikia.

"Jumamosi, Afande!"

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mzee mwenye nishani kifuani akashuka, akalinyoosha koti lake, akatazama juu dirishani. "Waambie waje!" alijibu kwa sauti ileile ya kambini. "Viti vipo!"