Daftari Jekundu la Kiwanda cha Nta

Liliibwa daftari moja tu, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo.

"Kati ya madaftari arobaini?" aliuliza Inspekta Zefania.

"Lile jekundu, afande," alijibu Noel, mtunza nyaraka wa chuo kikuu. Alitoka Dar es Salaam kuokoa kumbukumbu za kiwanda cha nta cha Itigi kabla mnunuzi hajakibomoa. Mitambo ilishauzwa kama chuma chakavu. Yalibaki makaratasi, nayo yangeondoka na treni ya Alhamisi.

"Ufunguo mwingine anao nani?"

"Mama Peniel, anayetufagilia."

Inspekta alishusha pumzi. Yeye ni mtu wa Itigi. Hakupenda kabisa kule njia hii ilikoelekea, lakini akaifuata, Noel nyuma yake.

Jikoni kwa Mama Peniel, inspekta alichokoa majivu kati ya mafiga. Akaokota vibanio viwili vya chuma, vyeusi tii, mwenye nyumba alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hivi vilibana nini?"

Mama Peniel alianza kupanga kuni.

"Mama, nakuuliza kwa heshima."

"Nimelichoma. Nifunge tu! Boila lilipolipuka likamuua mume wangu, meneja alilinyanyua daftari lile msibani mbele ya watu. 'Kila kitu kimo humu. Simeoni alikuwa amelewa.' Simeoni huyu asiyeonja hata togwa! Leo huyu kijana anasema vitabu vitatunzwa milele. Wajukuu zangu wakasome kwamba babu yao alikuwa mlevi? Thubutu!"

"Ulilisoma?"

"Nisome wapi, na shule sikuiona? Niliijua rangi."

Noel alijishika kichwa. "Simeoni wa boila? Wewe ndiye mjane wake? Mbona wote wanakuita Mama Peniel tu!"

"Kwani kuna nini?" aliuliza inspekta.

"Lile lilikuwa daftari la waendesha mitambo. Simeoni aliandika mara tatu kwamba valvu ni mbovu. Mara ya mwisho asubuhi ile ile ya mlipuko, na meneja akatia saini."

"Umenakili?"

"Hapana. Itigi hii hakuna mashine ya kunakilia."

"Na huo ulevi uko wapi?"

"Kwenye barua ya meneja, faili la kijani." Noel aliyatazama majivu. "Lipo salama."

Inspekta alizirudisha mfukoni pingu alizokuwa ameshika. Zingemfaa nani sasa?

Mama Peniel alikuwa amepiga magoti, akizoa majivu na kuyatia kwenye kanga yake.

"Mwanangu," alimuuliza Noel bila kuinua uso, "aliandika kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake, mama."

Hapo ndipo alipoangua kilio.